Kompyuta Iliyobisha Hodi

Mabruki alikuwa mtu wa hodi. Watu wa mtaa wao pale Gongoni walimcheka kwa hilo, maana alibisha hodi hata kwenye nyumba yake mwenyewe, nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, ambayo ndani yake hamkuwa na mtu ila mkewe. "Hodi," angesema akiwa nje, akatulia. "Hodi." Akatulia tena. Mara ya tatu ndipo Tatu alipoitikia, kwa makusudi, ili amchokoze: "Karibu, mume wangu, mbona umechelewa?" hata siku ambazo hakuchelewa. Na siku Tatu alipokuwa bombani au kwa mama yake, asiwepo wa kuitikia, Mabruki aligeuka akaenda kukaa kwenye baraza la jirani mpaka mwenyewe arudi. Hodi ni tatu, alizoea kusema, usipojibiwa, ondoka. "Mume wangu ana adabu mpaka imemzidi kimo," Tatu aliwaambia wenzake, na alisema hivyo kwa majivuno.

Sasa ajabu ni kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyeitikia hodi ya mtu asiyemjua.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne, wakati hata kipande cha sabuni kilipangiwa foleni, na mwanamke aliyepata khanga mpya aliulizwa ameipata wapi. Katika dhiki yote hiyo, ofisi ya tumbaku alikofanya kazi Mabruki ikaletewa kompyuta. Ilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, zawadi ya wageni waliokwisha kuichoka, imefungwa kwa magunia kama maiti ya mkimbizi. Mabruki alikuwa fundi redio. Walimpeleka Dar akafundishwa kidogo, akarudi akiwa fundi wa kompyuta. Tatu, aliyekuwa mpiga chapa wa ofisi hiyo hiyo, akapewa kazi ya kuiandikia.

Wakaiweka katika chumba cha mwisho cha ghala la zamani. Ghala lile lilijengwa enzi za misafara, wakati pembe za ndovu zilipopita Tabora mabegani mwa watu kwenda pwani, na kuta zake zilikuwa nene kiasi cha mtu kulala dirishani akajinyoosha. Chumba chenyewe hakikuwa na mlango. Kilikuwa kimezibwa kwa matofali, na hakuna aliyejua kimezibwa lini wala kwa nini. Ndugu Ambrosi, meneja, akaamuru kibomolewe. Mafundi walikuta ndani pete ya chuma imechimbiwa sakafuni, nene kama kifundo cha mkono. Wakashindwa kuing'oa, wakaifunika kwa saruji, wakaondoka.

"Ndugu Meneja," alisema Kashindye, mlinzi, kwa sauti ya chini, "chumba kilichozibwa na wazee huwa kina sababu."

"Sababu yake ni ujinga," alijibu Ndugu Ambrosi. "Leta meza."

Kompyuta ile haikuwa na kumbukumbu ya kukaa nayo. Kila ilipowashwa iliamka kama mtu aliyezimia, hajui jina lake wala kazi yake, mpaka isome diski ya kuanzia. Ilikuwa na matundu mawili ya kutia diski. Ilitazama kwanza tundu la kushoto. Isipokuta kitu, ilitazama la kulia. Ikikosa kote kuwili, kile kichwa kidogo cha kusomea kilirudi nyuma kikagonga ukingo wake, ko-ko-ko, kikanyamaza, halafu tena, ko-ko-ko, na kwenye kioo yakatokea maandishi ya kijani kusema kwamba hakuna diski ya kuanzia. Mabruki alimweleza mkewe mambo hayo kwa furaha ya mtoto aliyepata gari la mabati.

Miezi miwili ilifanya kazi. Masika yalipoingia, ikakataa. Diski ile ile iliyoanza nayo jana, leo haikuiona. Ko-ko-ko. Mabruki akafungua bati la juu, akasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti. Ko-ko-ko. Akachomoa ule waya mpana unaofanana na utepe, akauchomeka tena. Akaweka diski ya akiba. Akahamisha kile kifungo cha ndani kinachoiamuru kompyuta itazame tundu lipi kwanza, ili ianze na la kulia. Akayabadilisha matundu yenyewe, la huku kule na la kule huku. Ko-ko-ko, kimya, ko-ko-ko, na jasho linamtoka, na Ndugu Ambrosi amesimama nyuma yake akimkumbusha kuwa wageni wa mkoa watakuja kuiona.

Meneja alipotoka, Mabruki alizichomoa diski zote akaziweka mezani. Akaegemea kiti. Kompyuta ikagonga. Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka.

"Unaisikia, Tatu? Inabisha hodi."

"Izime twende tukale."

Ko-ko-ko.

"Haya basi," Mabruki akaiambia, "karibu! Karibu ndani, yeyote uliye."

Kugonga kukakoma. Kioo kikaingia giza, kisha kikawaka kijani cha nguvu ambacho Tatu hakuwahi kukiona, na kompyuta ikaanza. Ikaanza vizuri kabisa, matundu yake yote mawili yakiwa wazi na matupu, na diski ziko mezani karibu na kiwiko cha Mabruki.

Tatu alifundishwa na mama yake, Bi Swaumu, kwamba hodi isiyo na jina haiitikiwi. Hodi ya kwanza ipe sikio, ya pili ulize jina, ya tatu ndiyo ujibu. Alitaka kusema hivyo. Lakini Mabruki alikuwa ameruka kutoka kitini, anapiga makofi, na kwa muda mrefu hakuwa amemwona mumewe na furaha kama ile. Akanyamaza. Ningekuwa mimi ningenyamaza pia, na wewe vilevile, tusijifanye.

Harufu ilianza siku iliyofuata. Mwanzoni ilikuwa ya chuma kilicholowa, kisha ikaongezeka jasho, jasho la watu wengi waliofungiwa pamoja, na chini ya jasho kitu kitamu kibaya, kama ngozi ya mnyama isiyokauka vizuri. Tatu alifungua dirisha, harufu ikazidi. Akaja na ubani wa kwao, Ndugu Ambrosi akamkataza kuvukiza ofisi ya serikali. Kompyuta ikafanya kazi bila diski, na haikukosea hata hesabu moja, na meneja akasema ndugu zangu, haya ndiyo maendeleo.

Jioni moja Mabruki aliizima, akachomoa waya wake wa umeme ukutani, akauzungusha akauweka juu. Walipokuwa mlangoni wanatoka, nyuma yao ikagonga. Ko-ko-ko. Wote wawili wakageuka.

"Labda ni panya," alinong'ona Mabruki.

"Panya anayejua kuhesabu?"

Asubuhi yake ndiyo walimkuta Kashindye.

Katika ghala kulikuwa na mashine ya chuma ya kukandamiza marobota ya tumbaku, ya kuzungushwa kwa mikono, na ili sahani yake ya juu ishuke mpaka chini walihitajika wanaume wanne wenye nguvu. Sahani ilikuwa imeshuka mpaka chini. Kashindye alikuwa ndani. Viatu vyake vilikuwa pembeni, vimepangwa vizuri kama vya mtu aliyeingia kwa watu. Damu ilikuwa imepita kwenye majani ya tumbaku ikatambaa sakafuni, ikavuka kizingiti, ikaingia chumba cha kompyuta, na hapo juu ya saruji mpya ilipofunikwa ile pete ilikuwa imekauka yote, imenywewa, pamebaki doa tu. Polisi walikuja, wakasema ajali. Ajali! Mtu mzima avue viatu apande mwenyewe kwenye mashine ya kumkandamiza, halafu ashuke aizungushe.

"Tuache kazi hii," Tatu alimwambia mumewe jikoni, anamshika mkono. "Mabruki, nakuomba. Wewe ndiye uliyeliitikia hilo lililobisha. Likimaliza kwa wengine litakujia wewe, na mimi sina mwingine."

"Kesho nitaifungua nitoe kila kitu ndani," alisema Mabruki. "Nitaiua kabisa. Kesho, mke wangu, wallahi."

Kesho yake ilikuwa mchana, jua la utosi, saa ambayo watu wa mjini hawapendi kusimama njia panda. Mabruki alichukua bisibisi akalifungua bati la kompyuta, na Tatu alikuwa amesimama kando akishika skrubu katika kiganja, na Ndugu Ambrosi akaingia anafoka kwamba wageni wa mkoa wako njiani na nani amekupa ruhusa, na Mabruki alikuwa ameingiza mkono wake mpaka kifundoni akiutafuta ule waya mpana, pale pale mkono wake ukakakamaa, na kidevu chake kikainuka, na macho yakageuka mpaka ukabaki weupe, na kutoka kooni kwake ikatoka sauti ya watu wengi wanaovuta pumzi chini ya mzigo. Meneja alimshika begani amvute. Mabruki akageuka polepole. Akauchukua ule mkono uliokuwa begani mwake, kwa upole kabisa, kama anayemsaidia mgonjwa, akauweka kwenye ukingo wa meza ya chuma na kuupiga kwa ngumi ya mkono wake mwingine, mara tatu, akanyamaza, mara tatu, akanyamaza, na mifupa ya Ndugu Ambrosi ilikuwa ikisikika ikivunjika ndani ya ngozi na yeye akilia kwa Kiswahili na Kinyamwezi na majina ya watakatifu wote wa parokia yake, na Mabruki haachi, mpaka kilichokuwa kinapigwa hakikufanana tena na mkono.

Kisha akamwachia, akaugeukia ukuta, akaanza kuugonga kwa uso wake mwenyewe. Ko-ko-ko. Kimya. Ko-ko-ko.

Ilibidi waje wapagazi saba wa ghala kumfunga kwa kamba za marobota. Mmoja aling'atwa sikio likatoka. Walipokwisha kumlaza chini, uso wake ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani, meno ya mbele yamekwenda, na mdomo ule ulitabasamu, ukamwambia Tatu kwa sauti iliyokuwa nzito kuliko ya mumewe: "Huyu ni mlango tu. Nyumba iko wapi?"

Tatu alikaa chini hapo hapo. Alilia hadharani, hakujali nani anamtazama.

Kule hospitali ya Kitete walimsafisha Mabruki majeraha wakamshona, wakamdunga sindano ya usingizi. Alilala. Vidole vyake havikulala. Viligonga chuma cha kitanda. Bi Swaumu alipofika na kuviona vile vidole, hakumwangalia mkwewe mara mbili. Alitoka akaenda stesheni, akapanda treni ya kwenda Goweko.

Alirudi na mganga aitwaye Mahona. Mahona alikuwa mkulima wa tumbaku, mrefu, mkavu, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa majani, na waliomtegemea awe na vibuyu na manyoya waliaibika, maana alivaa kaptura na alibeba mfuko wa mbolea mtupu wenye dawa zake.

"Shikamoo, mzee," alisema Tatu.

"Marahaba. Msinipotezee jua, nimeacha majani yangu kwenye bani la kukaushia. Aliliitikia vipi?"

Tatu akamweleza yote. Mahona akazunguka ghala, akainama akanusa ile saruji, akatema mate.

"Hapa palikaa pembe," alisema. "Mwenyewe hakuwaamini wapagazi wake, babu zetu, akaweka jini mlangoni lilinde. Alilifunga kwa neno moja: lisiingie mahali lisipoambiwa karibu. Kila msafara ulipoondoka kwenda pwani alilichinjia. Usiniulize alichinja nini. Misafara ikaisha, mwenyewe akafa, na hakuna aliyelipa chakula wala aliyelifungua. Limekaa hapo chini, penye ile pete, miaka yote hiyo likibisha. Mumeo akaliambia karibu."

"Unaweza kulitoa?"

"Kulitoa ni kazi ndogo. Nitampiga mumeo litoke. Kazi ni pale litakapokwenda likitoka." Akamtazama. "Halisimami peke yake. Lazima liwe na mtu wa kuanzia. Likimkosa wa kwanza humtafuta wa pili, na wa pili ni anayelala naye."

Tatu alielewa upesi kuliko Mahona alivyotazamia. Kushoto kwanza, kulia baadaye, na likikosa kote kuwili linabaki kugonga tu. Mumewe alimfundisha hayo akicheka.

"Mumeo ataletwa hapa ghalani, nami nitaanza adhana ya magharibi," alisema Mahona. "Wewe kaa nyumbani kwako, peke yako, komea mlango. Litakuja kubisha. Litaita kwa sauti za watu. Usiitikie. Usiseme lile neno, hata kwa mbwa. Adhana ya isha ikimalizika hujalijibu, limekosa pa kuanzia, litarudi chini lilikotoka, na mimi mwenyewe nitamleta mumeo. Kabla ya isha hakuna mtu wa kweli atakayekuja mlangoni kwako. Umenisikia, binti?"

"Nimekusikia, mzee."

"Ukilijibu, sina dawa nyingine."

Nyumba yao haikuwa mbali na ghala; kichochoro kimoja tu na mtaro pembeni. Tatu alikomea mlango, akaegemeza kinu nyuma yake, akakaa mkekani na taa ya chemni. Muadhini akaadhini magharibi. Mwangwi ulipokwisha, kutoka kule ghalani alisikia fimbo. Alisikia kila pigo, na baada ya kila pigo alimsikia Mabruki, Mabruki wake, akilia mama, na Tatu akauma upindo wa khanga mpaka fizi zikatoka damu. Kisha ukatoka ukelele mmoja ambao haukuwa wa mtu wala wa mnyama, mbwa wa mtaa mzima wakalia, halafu kimya.

Ko-ko-ko.

Mlangoni kwake.

"Hodi," ilisema sauti ya Kashindye. "Hodi, dada Tatu, nimesahau viatu vyangu." Ko-ko-ko. "Hodi, dada." Tatu akaziba masikio, na sauti ikaja ndani ya viganja vyake, sasa ya Ndugu Ambrosi akiomba maji, sasa ya mama yake anayeuliza kwani huyu mtoto nilimlea vipi ananiacha nje na giza linaingia, na hodi hazikuwa tatu wala sita wala tisa, zilikuja tatu na tatu na tatu bila kuchoka wala kuaga, na mlango ukaanza kutikisika mpaka kinu kikasogea, na mabati ya paa yakakwaruzwa kutoka upande huu mpaka ule kama kwa minyororo inayoburutwa na watu wengi, na chini ya mlango ikaingia damu, nyembamba kwanza, kisha ikajaa, ikautafuta mkeka, na harufu ile ya chuma na jasho ikamjaa kinywani hata akatapika, na bado hakusema neno. Alisoma kila aya aliyoijua, akirudia alizorudia. Alimwaza mumewe akiwa mzima, anakaa kwenye baraza la jirani kama mgeni, anamngoja.

Halafu likanyamaza. Damu ikawa haipo. Mkeka mkavu. Tatu akangoja, na adhana ya isha bado.

Akasikia nyayo. Zilikuja polepole, zikiburuta, na mkono ukipapasa ukuta wa nje. Zikasimama.

"Hodi," ilisema sauti ya Mabruki.

Tatu akashika mdomo wake kwa mikono miwili.

Kimya kikawa kirefu. "Hodi." Sauti ilikuwa dhaifu, maneno yanavuja kwa sababu ya meno yasiyokuwepo. Kimya tena. Hakukugongwa kitu. Hakukutikiswa kitu.

"Hodi, Tatu."

Akangoja kadiri alivyozoea kungoja. Kisha nyayo zikageuka. Zikaanza kuondoka, polepole, zikiburuta, kuelekea kwenye baraza la jirani.

Hapo ndipo Tatu alipojua. Jini lililobisha miaka mia halijui kuondoka. Anayebisha mara tatu akaondoka kwa adabu, amevunjika, anavuja damu, mlangoni pa nyumba aliyoijenga mwenyewe, ni mtu mmoja tu katika Tabora nzima. Alikisukuma kinu kikaanguka, akachomoa komeo, akaufungua mlango wote, na neno likamtoka kabla hajalifikiria, maana ndilo neno ambalo kinywa chake kilikuwa kimelisema kila jioni tangu aolewe:

"Mabruki! Karibu, mume wangu, karibu, rudi!"

Kitu baridi kilimpita ubavuni. Alidhani ni upepo. Alikuwa amekwisha kuanza kukimbia.

Alimkuta ameanguka kando ya mtaro, kamba bado zinaning'inia kwenye mikono yake, mgongo umechanika kwa fimbo, macho yamezibwa na uvimbe na damu iliyoganda. Alikuja kwa kupapasa ukuta. Tatu akamkumbatia, akambusu paji la uso lililokuwa na nyuzi za kushonea, akalia na kucheka kwa pamoja.

"Tatu? Ni wewe?"

"Ni mimi. Ni mimi, baba."

"Mzee wa watu," alinong'ona Mabruki. "Lilipotoka kwangu lilimpitia yeye. Nilimsikia akipasuka, Tatu. Kama gunia. Nilimwita, hakuna aliyejibu, nikasema nije nyumbani."

"Nyamaza. Limekwisha. Simama, taratibu, hivyo hivyo."

Wakati wanajikokota kurudi, adhana ya isha ikapanda juu ya mabati ya mji, na Tatu akaisikiliza mpaka neno la mwisho, na kila neno lilimtoa mzigo kifuani. Muda umepita. Limekosa pa kuanzia. Amempata mumewe, yu hai, na meno hununuliwa. Alikuwa na furaha kiasi kwamba ni walipofika mlangoni tu ndipo alipogundua kuwa mlango, aliouacha wazi, umefungwa, na chini yake panapita mwanga wa taa uliokuwa wa kijani.

Alitaka kumzuia. Lakini Mabruki alikuwa amegusa mwimo wa mlango wake kwa vidole, akaujua, uso wake ulioharibika ukalegea kwa faraja, na kwa mazoea ya maisha yake yote akasema:

"Hodi."

Na ndani ya nyumba, kwa sauti ya Tatu mwenyewe, yenye utani ule ule, kukajibiwa:

"Karibu, mume wangu, mbona umechelewa?"

Mabruki akasimama. Akageuza kichwa chake kisichoona, sikio moja kwenye mlango, jingine kwa mwanamke aliyekuwa amemshika, ambaye wakati huo alifumbua kinywa akakuta sauti yake haimo. Kisha, kidole baada ya kidole, akaanza kuutoa mkono wake katika mkono wa mkewe.

"Basi wewe unayenishika," aliuliza polepole, "ni nani?"